UKIENDA MZIMA, RUDI MZIMA

Mkazi wa Mombasa anapofungua mfereji kujaza sufuria ya chai, huenda maji hayo yamesafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kumfikia. Safari yake ilianzia Mzima, chemchemi iliyo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kaunti ya Taita Taveta, mahali palipozungukwa na vumbi jekundu, mawe meusi ya volkano na jua lisilomhurumia mtu. Bomba lililolazwa katika miaka ya 1950 ndilo linaloyapeleka pwani. Wenyeji wa Voi na vijiji vya jirani wamelalamika miaka mingi kwamba maji hupita mlangoni pao yakienda kuwanywesha wengine, na ukiona foleni za mitungi katika mji huo wakati wa kiangazi hutawalaumu.

Siku hizi si vigumu kwa familia ya mjini kwenda kuiona chemchemi yenyewe. Tangu mwaka wa 2017 kuna treni ya SGR yenye vituo Voi na Mtito Andei, na kutoka miji hiyo mtu anaweza kukodi gari la kuingia mbugani. Lakini wengi hufunga safari hiyo kana kwamba wanakwenda Uhuru Park: chupa moja ya soda kwa kila mtoto na viazi karai ndani ya karatasi. Hapo ndipo matatizo huanzia.

Kwanza tuyafahamu maji yenyewe. Mvua inayonyesha katika vilima vya Chyulu haifanyi mito. Vilima hivyo ni vya volkano, na udongo wake wa majivu na mawe yenye matundu huyanywa maji yote. Maji hayo hupita chini kwa chini, yakichujwa na mawe, hadi yanapobubujika Mzima yakiwa safi kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Hufanya vidimbwi vikubwa vyenye mikindu na mikuyu kandokando, kisha hushuka kuungana na mto Tsavo. Kwa mtu aliyetoka kutikiswa garini saa mbili katika joto linalopita nyuzi 30, kivuli kile na sauti ile ya maji ni kama pepo.

Na hiyo ndiyo hatari yake. Joto la njiani humchosha mgeni, humkausha koo na kumlegeza akili. Halafu anayaona maji. Anachotaka ni kuvua viatu na kukimbia hadi ukingoni, na ukingoni ndipo walipo mamba na viboko. Anayetaka kuwa salama penye maji lazima afike akiwa hana kiu.

Kiu ya nchi hii ina historia. Vita Vikuu vya kwanza vilipozuka, Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914, na doria zao zikaanza kuvuka nyika kuja kulipua reli ya Uganda. Waingereza walijua kwamba katika nchi kavu kama hii anayeshika maji ameshika njia, wakaweka askari Mzima. Doria za Wajerumani ziliteseka mno kwa ukosefu wa maji, na hao walikuwa watu waliozoea kutembea porini.

Basi hesabu maji kabla ya kuhesabu nauli. Lita nne kwa mtu mzima kwa siku nzima si nyingi, na mtungi wa lita 20 wa ziada ukae garini kwa ajili ya watu na kwa ajili ya rejeta. Usimsubiri mtoto aseme ana kiu; mnyweshe kidogo kidogo kila nusu saa, maana watoto hupatwa na joto upesi kuliko sisi na wakishapendezwa na tembo dirishani husahau kunywa. Wazee wanaotumia dawa za shinikizo la damu au kisukari heri wamwone daktari wao kabla ya safari. Vaa nguo za pamba, nyepesi, za rangi hafifu. Nyeusi na buluu ziache nyumbani, kwani mbung'o huzipenda na Tsavo Magharibi ina mbung'o wanaouma hata juu ya shati. Na hata mkisimama dakika tano tu, mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa vioo. Kwa jua lile gari huwa tanuri.

Mtu akianza kulalamika kichwa, kizunguzungu au misuli kukaza huku akitoka jasho jingi, mpelekeni kivulini na mpeni maji yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa kila lita, vijiko vya kusawazishwa. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akipepesuka, ngozi ikawa moto au akazimia, huo ni ugonjwa wa joto na unaua. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kukoma, na msimtilie maji mdomoni ikiwa hana fahamu. Mpozeni hata mkiwa njiani kuelekea hospitali. Hospitali ya rufaa iko Voi, mwendo mrefu kutoka Mzima, kwa hiyo asisubiriwe apate nafuu mwenyewe.

Njia ya kawaida ni kuingilia lango la Mtito Andei, karibu kilomita 100 kutoka Voi kwa barabara ya Nairobi. Ada hailipwi kwa fedha taslimu bali kwa mtandao wa eCitizen, na ni busara kulipa mkiwa bado mjini kwenye mawasiliano mazuri. Mjulishe mtu mnakokwenda na saa ya kurudi. Mawe ya volkano hukata magurudumu, hivyo gurudumu la akiba liwe zima na jeki iwepo. Gari likiharibika, kaeni nalo. Anayetoka kwa miguu kutafuta msaada huwa amejitoa kwa jua na kwa simba kwa pamoja.

Mzima ni miongoni mwa sehemu chache mbugani ambapo mgeni huruhusiwa kushuka garini na kutembea. Hapo huwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwenye bunduki. Msubirini, mfuateni, msimtangulie. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi alfajiri. Ukijikuta umesimama kati yake na maji, hatakuzunguka, atakupitia. Mchana hulala majini akionekana kama jiwe, lakini hajalala kama unavyodhani.

Aliyebobea katika maji hayo alikuwa Alan Root, mpigapicha mashuhuri wa filamu za wanyama aliyefariki mwaka wa 2017. Yeye na mkewe Joan walipiga mbizi Mzima mara nyingi wakiwapiga picha viboko. Siku moja katika miaka ya 1970 kiboko aliwashambulia chini ya maji. Jino lake likapiga barakoa ya Joan usoni, kisha akamng'ata Alan mguu na kuutoboa. Ilibidi akimbizwe hospitali Nairobi. Ikiwa mjuzi yule yalimpata hayo, mwanafunzi wa darasa la saba anayetaka kuosha miguu tu hana kinga. Hakuna kuogelea Mzima, hakuna kuinama kuchota, hakuna kukaa ukingoni ili upigwe picha.

Lakini kuna namna ya kuingia majini bila kulowa. Ukifuata kijia utafika kwenye chumba kidogo chenye vioo, nusu yake ikiwa chini ya maji. Teremka ngazi, ngoja macho yazoee. Samaki hupita makundi kwa makundi mbele ya pua yako, na mwenye bahati humwona kiboko akitembea chini kwa vidole, mzigo ule wote ukiwa mwepesi kama anacheza ngoma, huku samaki wakimdonoa ngozi. Samaki hao hushiba kwa kinyesi chake na wadudu wanaokila. Wapeni watoto nafasi ya kutazama hata nusu saa, wakae kimya. Kisha, ifikapo saa tisa, mnywe maji tena na mshike njia, maana malango hufungwa jioni na kiboko naye huanza kujiandaa kutoka.