Utafiti wa Jiko Usiishie Siku ya Uzinduzi

Mwananchi anaponunua jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani, hafikirii kwamba amenunua matunda ya utafiti. Jiko hilo limekuwa kitu cha kawaida nyumbani kama sufuria na mwiko. Hata hivyo halikuzuka lenyewe sokoni. Lina historia, na ndani ya historia hiyo mna fundisho ambalo twaona linaanza kusahauliwa.

Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa mjini Nairobi juu ya nishati mpya na zile zisizokwisha. Miaka hiyo bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno, na miti ilikuwa ikifyekwa kwa wingi ili kupata makaa ya kuuzwa mijini. Katika vuguvugu hilo mashirika ya hiari ya Kenya yaliyoshughulikia nishati yaliungana chini ya jina la KENGO. Umoja huo haukuundwa kwa ajili ya kutafuta faida. Kazi yake moja kubwa, ikishirikiana na Wizara ya Nishati na wafadhili wa nje, ilikuwa kulitazama upya jiko la mwananchi wa kawaida.

Kasoro ya jiko la zamani la bati tupu ilijulikana. Joto hupenya ubavuni na kupotea hewani, hata katika kila sehemu 100 za joto la makaa ni sehemu 10 hadi 20 tu zinazofika kwenye sufuria. Wataalamu walikuwa wameona huko Thailand jiko la ndoo lenye bitana ya udongo inayozuia joto lisitoroke. Wazo hilo likaletwa Kenya.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kupiga picha na kuandika ripoti. Lakini sampuli za mwanzo ziliposhikwa na watumiaji, matatizo yalijitokeza. Udongo ulipasuka kwa moto. Jiko lilikuwa zito. Tena mpishi wa ugali hupiga mwiko kwa nguvu, na jiko lisilosimama imara ni hatari kwake na kwa watoto walio karibu. Ikabidi watafiti warudi kwa wafinyanzi na kwa mafundi wa bati, kama wale wa Shauri Moyo mjini Nairobi, waanze kupima, kukata na kuchoma upya. Ndipo likapatikana umbo la kiuno tulijualo leo: chini pana ili lisipinduke, na udongo umewekwa sehemu ya juu tu, penye moto. Jiko hili hufikisha kwenye sufuria sehemu 25 hadi 40 za joto katika kila 100, na kwa matumizi mazuri hupunguza makaa kwa theluthi moja hadi nusu. Katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba zaidi ya majiko 700,000 ya aina hiyo yalikuwa yakitumika nchini Kenya.

Sasa yafaa tujiulize: ni nani angegharamia miaka ile ya majaribio? Mfanyabiashara asingekubali, kwani umbo la jiko likishatoka huigwa na jirani yake kesho yake. Fundi wa jua kali hana akiba ya kupasua majiko ili ajifunze. Mama anayenunua makaa kwa kopo hawezi hata kidogo. Kwa hiyo fedha zisizodai faida ndizo pekee zilizoweza kubeba hasara ya kujaribu na kukosea. Faida ikawaendea wote, maana kila fundi alikuwa huru kulitengeneza jiko hilo, na ushindani ukateremsha bei.

Lakini uhuru huohuo uliingiza ila. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la majiko, kibaya nacho kimejiuza, kwa sababu kimevaa vazi la chema. Bitana ambayo haikuiva tanuuni hufanana kabisa na iliyoiva, na mnunuzi huitambua baada ya kupasuka, fedha zake zikiwa zimekwisha kwenda. Aliyerudi kwenye bati tupu baada ya hasara kama hiyo si mtu wa kulaumiwa. Alihitaji mtu wa kumpimia kabla hajanunua, na mradi wa mtu huyo ulikuwa umekwisha fungwa.

Twayasema haya kwa sababu safari bado ni ndefu. Jiko la makaa, hata likiwa bora, hutoa hewa ya sumu ambayo haionekani wala hainuki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na uchafu wa hewa ya majumbani. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha wananchi asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na Kenya nayo ina mkakati wake. Gesi, umeme na majiko mapya yatagawiwa, hotuba zitatolewa.

Maoni yetu ni kwamba kila mradi wa namna hii utenge, tangu mwanzo, fungu la miaka inayofuata uzinduzi. Fungu hilo lilipe watu wa kupita jikoni kuuliza ni kifaa gani kimeharibika na kwa nini, wa kununua bidhaa sokoni kimya kimya na kuzipima, na wa kuwafundisha mafundi waliokuja nyuma. Matokeo yatangazwe kwa lugha ambayo mnunuzi anaifahamu. Serikali, vyuo na mashirika ya hiari wana wajibu huo kwa pamoja.

Kufanya hivyo hakutaleta picha nzuri za magazetini, na sisi wenye magazeti twajua hivyo. Lakini mama aliyetoa fedha yake ya wiki nzima kununua jiko ana haki ya kuliona likiwaka mwaka ujao.