Anataka Kutibu Wanamichezo? Asiache Fizikia

Ndugu Muislamu, hapa Tanzania kijana anayetamani kutibu wachezaji walioteguka au kuchanika misuli ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni udaktari: miaka mitano ya chuo, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha ubingwa wa mifupa. Ya pili ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, inayofundishwa kwa shahada pale KCMC, Moshi. Zote zinataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Anayeyaacha masomo hayo akiwa sekondari amejifungia mlango mwenyewe. Mabinti nao wahimizwe, kwani mwanamke aliyeumia nyonga husitirika zaidi akihudumiwa na mwanamke mwenzake. Mzazi, kaa na mwanao kabla hajachagua masomo, Insha Allah.