Njia ya Panya au Haki ya Mtu?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake. Tulifunzwa shuleni kwamba humwonya mzururaji, yule apotezaye siku njiani bila faida. Nami nilikubaliana nayo bila kinyongo hadi Oktoba 2013, nilipokuwa mwanafunzi kaskazini mwa Uingereza na nikaalikwa kujiunga na kikundi cha watembea kwa miguu.

Tulikuwa watu kumi na wanne, wengi wao wastaafu. Tulianzia katika mji wa Ilkley, tukaufuata ukingo wa mto Wharfe kuelekea utokako, hadi penye magofu ya makao ya kale ya watawa wa Bolton, mwendo wa kilomita kumi hivi. Yalikuwa yale majira ambayo baadhi ya vitabu vyetu huyaita vuli. Neno hilo lilinitatiza siku hiyo. Vuli ya Mswahili ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati mkulima ashikapo jembe. Bonde la Wharfe, kinyume chake, lilikuwa likijiandaa kulala. Miti ilikuwa imeacha kutengeneza ukijani, na rangi ya manjano iliyokuwa imefunikwa majira yote ya joto ikajitokeza kabla ya majani kudondoka. Laiti tungeyaita majira ya mapukutiko, tusingemchanganya mtoto wa shule.

Hata hivyo, msomaji, si majani yaliyonishangaza. Njia yetu ilifika kwenye kilango cha mbao, na ng'ambo yake palikuwa na malisho ya kondoo wa mtu. Wenzangu wakapita. Mimi nikasita, kwani nimelelewa katika nchi ambamo kibao cha kumtahadharisha mgeni kuhusu mbwa mkali hutangulia jina la mwenye boma. Kiongozi wetu, mzee mwenye fimbo, akarudi kunieleza kwamba shamba ni la mwenyewe lakini njia ni ya kila mtu. Imechorwa katika ramani rasmi, na mwenye shamba hana ruhusa kuiziba. Isitoshe, sheria ya mwaka 1980 inasema kwamba njia ikitumiwa na umma waziwazi kwa miaka 20, bila mwenye ardhi kuonyesha kwamba hakukusudia iwe ya umma, huhesabiwa kuwa ya umma.

Je, haki hiyo walitunukiwa tu? La hasha! Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na vitongoji vyake, walipanda Kinder Scout, mlima uliokuwa umetengewa matajiri wawinde ndege. Watano kati yao walitupwa gerezani. Mwaka 1949 Bunge likapitisha sheria ya mbuga za taifa na njia za mashambani, na mwaka 2000 nyingine ikafungua sehemu kubwa ya milima na nyika kwa waendao kwa miguu.

Kazi yangu ni lugha, kwa hiyo niruhusiwe kupima maneno. Waingereza wakiitaja njia ya namna hiyo, neno haki limo ndani ya jina lake. Sisi tunayo mapito kama hayo katika kila kijiji na kila mtaa, na tumeyaitaje? Njia za panya! Mama apitaye kando ya kijito akielekea sokoni amefananishwa na mdudu wa ghalani anayenyatia nafaka ya wenyewe. Ukishamwita mtu panya, hutaona ajabu njia yake ikizibwa kwa seng'enge.

Tazama jiji letu kuu. Jina lake lilitokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nyirobi, yaani maji baridi. Jiji limebatizwa kwa jina la mto, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuufuata mto huo hata kwa kilomita moja? Kanuni hutaka ukingo wa mto uachwe wazi, kati ya mita 6 na 30. Badala yake pamejaa kuta, mabati na taka. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipoua zaidi ya watu 200 nchini, tuliona kwamba ukingo ulioachwa wazi huokoa maisha. Na waliobomolewa makao baadaye walikuwa hasa maskini.

Sisemi kwamba mwenye shamba hana hoja. Mazao huibwa na ng'ombe hutoroka lango likiachwa wazi. Lakini hayo yana dawa yake katika sheria na adabu. Wala mapambano haya si mageni kwetu. Januari 1999, Profesa Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani akitetea msitu wa Karura dhidi ya wanyakuzi. Leo familia hutembea kando ya mto wa msitu huo, ijapokuwa hulipa kiingilio langoni.

Basi serikali za kaunti na zichore mapito ya kando ya mito katika ramani zao kabla ya kuidhinisha ujenzi mwingine. Nasi, shule, makanisa, misikiti na vyama vyetu, tuyatembee kwa makundi, mchana kweupe. Njia ni kama lugha: hufa isipotumiwa. Mtembezi wa bonde la Wharfe hali miguu yake. Huilinda njia ya wajukuu wake.