Mitungi miwili ya kuzamia: Si dakika za nyongeza, ni kipa wa akiba

Ukitaja mzamiaji kwenye kijiwe chochote cha Mikocheni, washikaji watadhani unamsema jamaa aliyejificha melini akaibukia Sauzi. Ukiongeza kwamba anatafuta mitungi miwili, ndo kabisa, watakuelekeza baa.

Lakini bahari ipo palepale. Kutoka Mikocheni kwenda Slipway, Msasani, kupanda boti ya Bongoyo si safari. Ukishika Barabara ya Bagamoyo hadi Kunduchi, unazikuta boti za Mbudya. Chini ya maji ya visiwa hivyo kuna mchezo usio na jukwaa wala vuvuzela: kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni.

Na kila anayenogewa na mchezo huo hufika siku akajiuliza: abaki na mtungi mmoja, au ahamie kwenye miwili iliyofungwa pamoja? Kama ni miwili, ya chuma au ya alumini? Akikosea kwenye usajili huu, hakuna dirisha dogo la kurekebisha.

USIKU WA SAN SIRO

Novemba 6, 2019, Manchester City walikuwa ugenini kwa Atalanta kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya, mechi ikipigwa San Siro. Kipa Ederson hakurudi kipindi cha pili, akaingia Claudio Bravo. Dakika ya 81 Bravo akala nyekundu. Beki Kyle Walker akavaa glovu, akasimama golini mpaka mwisho, matokeo yakabaki 1-1.

Baharini hakuna Kyle Walker. Kifaa cha hewa kikigoma mita 40 chini, huwezi kumwita beki aje kukaa golini. Hiyo ndiyo kazi ya mtungi wa pili. Wengi hudhani ni wa kuongeza muda wa kukaa chini, kumbe kazi yake kubwa ni kukurudisha juu.

Mitungi pacha huunganishwa kwa bomba fupi juu, lenye koki katikati. Kila mtungi una koki yake na kifaa chake cha kupumulia. Kifaa kimoja kikianza kuvujisha hewa, mzamiaji anafunga koki ya upande huo na kuendelea kutumia hewa ya mitungi yote miwili kupitia kifaa kilichobaki. Kama ubovu uko kwenye mtungi au bomba lenyewe, anafunga koki ya katikati na angalau nusu ya hewa inapona.

Sharti ni moja: mkono wako ufike kwenye koki hizo, nyuma ya kichwa, bila msaada wa mtu. Usipofika, una kipa benchi ambaye hakuna wa kumwita.

HESABU ZA DIMBANI

Chukua mtu anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Kila mita 10 anazoshuka, shinikizo huongezeka, na akifika mita 40 linakuwa mara tano ya lile la juu. Kwa hiyo atakula lita 100 kwa dakika.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa vizuri hubeba takriban lita 2,400 za hewa. Kwa kina hicho ni dakika 24, hapo hajaweka akiba hata kidogo. Miwili ina lita 4,800, lakini usikimbilie kusema dakika 48. Wanaoingia kwenye mapango na ndani ya meli zilizozama hugawa hewa mara tatu: lita 1,600 za kwenda, 1,600 za kurudi, na 1,600 haziguswi mpaka mambo yaharibike.

CHUMA AU ALUMINI?

Hapa ndipo wengi huchemka. Wazamiaji wa Ulaya wanaovaa masuti mazito ya baridi hupenda chuma, kwa sababu uzito wake huwasaidia kuzama. Bahari yetu ni ya joto, mtu anavaa suti nyepesi. Ukimfunga mitungi miwili ya chuma mgongoni, halafu mfuko wake wa kuelea ukapasuka, anabaki na mzigo unaomvuta chini na hana uzito wa kuutupa ili apande.

Alumini ina tabia tofauti. Ikiwa imejaa huzama, ikikaribia kuisha huanza kuelea. Mzamiaji huhitaji kuongeza risasi kidogo kiunoni, lakini risasi huvuliwa na kutupwa, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa mtungi unaokupa pumzi. Kwa maji ya pwani yetu na suti nyepesi, alumini ndiyo chaguo salama zaidi.

Bado kuna suala la mwili. Mitungi miwili ya alumini ya ukubwa wa kawaida, ikijazwa na kufungwa vifaa vyake, hukaribia kilo 40. Huo ni mzigo wa kupanda nao ngazi ya boti huku wimbi likikuyumbisha.

REFA HAPULIZI FILIMBI

Hatari nyingine haionekani dukani. Mtungi mmoja ni kama refa: hewa ikipungua, anapuliza filimbi na unapanda. Ukiwa na miwili, hewa inabaki nyingi wakati mwili tayari umeshafika kikomo. Kwenye mita 40, muda wa kukaa bila kulazimika kupanda kwa vituo hauzidi dakika 10. Ukipitiliza kisha ukapanda mbio, naitrojeni iliyoingia mwilini hugeuka mapovu, na mapovu hayo hupoozesha au huua. Anayenunua mtungi wa pili anunue na mafunzo yake.

NANI ANAIHITAJI?

Kwa mwanzo, cheti cha kwanza huruhusu mita 18 tu, na kwa matembezi ya kawaida Bongoyo na Mbudya mtungi mmoja unatosha. Miwili inaanza kuwa na maana kwenye mabaki kama ya HMS Pegasus, meli ya kivita ya Uingereza iliyopigwa na Wajerumani wa Königsberg bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914. Inalala takriban mita 40 chini.

Na kuna kazi ambazo si mchezo kabisa. Septemba 29, 2019, gari lililobeba mama na binti yake liliteleza kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha takriban mita 58. Kwa kina kama hicho, mtu hashuki na hewa ya kubahatisha.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, azima seti ya mtu. Ingia maji ya kifuani, nyoosha mkono nyuma, funga koki zote tatu, kisha zifungue tena. Ukishindwa hapo, kule chini hutaweza.