Pima Maji Kabla ya Kununua Bomba: Namna ya Kupanga Vinyunyizio vya Bustani ya Nyumbani

Kila kiangazi kinapokaribia tunapokea swali lilelile kutoka kwa vikundi vya akina mama na familia zenye bustani karibu na nyumba: tununue vinyunyizio vingapi? Ni kweli kwamba vinyunyizio, au springla kama wengi tunavyoviita, humpunguzia mama kazi ya kubeba ndoo asubuhi na jioni. Hata hivyo jibu letu siku hizi ni hili: usinunue chochote kwanza. Tafuta ndoo, saa, futi ya kupimia na karatasi.

Tulijifunza hili kwa hasara. Katika kituo chetu kimoja mlimani tulianzia dukani. Tulinunua vinyunyizio 9 vya aina moja, vyote vya kuzunguka duara zima, tukaviunga kwenye bomba moja la maji ya kijiji. Tulipofungua koki, maji yalichuruzika tu, hakuna kilichozunguka. Tulipobakiza vitatu vikazunguka, lakini cha pembeni kilimwagia ukuta wa nyumba na barabara. Kibaya zaidi, kwenye kioski cha maji kilicho chini yetu foleni ilisimama. Mama mmoja alipanda na ndoo tupu kutuuliza kama mchicha wetu una kiu kuliko watoto wake. Hatukuwa na jibu. Tulifunga koki siku hiyohiyo tukaanza upya, kwa hatua zifuatazo.

1. Pima maji uliyo nayo

Weka ndoo ya lita 20 mwisho wa bomba litakalolisha bustani, fungua koki yote, uhesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, unapata lita 30 kwa dakika. Lakini hayo ni maji ya bomba lililo wazi. Vinyunyizio vikifungwa, matundu yake madogo huyazuia maji na kiasi hupungua. Kwa hiyo sisi hupanga kwa theluthi mbili tu, yaani lita 20 kwa dakika. Presha ikiwa ndogo, panga kwa nusu au chini ya hapo.

2. Pima kimo

Presha ya maji ya mserereko hutokana na kimo cha tenki au chanzo juu ya bustani. Pima kwa mpira wa maji wa mafundi ujenzi, hatua kwa hatua kushuka mteremko. Vinyunyizio vingi vidogo vya kuzunguka huhitaji kimo cha mita 20 hivi pale vilipo, na mita nyingine hupotea kwa msuguano ndani ya bomba. Tenki lililo juu ya mnara wa mita 3 haliwezi kuvizungusha. Mwenye tenki la namna hiyo atumie mipira ya matone, ambayo huridhika hata na kimo cha mita 1. Sisi tulihamishia tenki letu mlimani, mita 40 juu ya bustani.

3. Chora bustani

Chora kwa vipimo, mfano sentimita 1 ya karatasi iwe mita 1 ya shamba. Onyesha nyumba, njia, miti na upande unaotoka upepo. Bustani yetu ni mraba wa mita 12 kwa 12, yaani mita za mraba 144.

4. Weka vinyunyizio kwenye mchoro

Kinyunyizio hutoa maji mengi karibu nacho na machache pembeni. Kwa hiyo kanuni ni kwamba maji ya kimoja yafike kwenye mguu wa mwenzake. Kama kinarusha mita 6, kifuatacho kiwe umbali wa mita 6. Penye upepo mkali, sogeza viwe mita 5.

Kwa bustani yetu tulipata mistari 3 yenye vinyunyizio 3 kila mmoja, jumla 9 kama mwanzo. Tofauti ni aina. Vinne vya kwenye kona hurusha robo duara, vinne vya kando hurusha nusu duara, na kimoja cha katikati hurusha duara zima. Hivyo hakuna tone linalokwenda barabarani. Angalia pia kiasi cha maji: cha duara zima kikitoa lita 8 kwa dakika, cha nusu kitoe lita 4 na cha robo lita 2. Vyote vikitoa sawa, kona zitakuwa matope na katikati patakauka.

5. Gawanya kwa zamu

Jumlisha: kona lita 8, kando lita 16, katikati lita 8. Jumla ni lita 32 kwa dakika, nasi tuna 20. Basi tuligawanya mara mbili. Mstari wa kwanza na wa tatu uko kwenye koki moja, lita 16. Mstari wa kati uko kwenye koki ya pili, lita 16. Koki moja hufunguliwa baada ya nyingine kufungwa.

6. Hesabu maji ya siku

Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Katika kiangazi mboga zetu huhitaji kama milimita 5 kwa siku, sawa na lita 720 kwa bustani nzima. Sehemu ya maji hupotea kwa jua na upepo, kwa hiyo tunafungua kila koki dakika 30. Hizo ni lita 960, yaani ndoo 48! Tenki la lita 1,000 linatosha kwa siku moja tu. Kama huna maji hayo, punguza eneo la bustani kwenye karatasi, kabla hujapunguza mfuko wako dukani.

7. Jaribu kwa makopo

Mfumo ukishafungwa, panga makopo tupu yanayofanana kila baada ya mita 2 au 3. Fungua kila koki dakika 30, kisha pima kina kwa rula. Kopo lenye nusu ya wenzake linaonyesha mahali pa kurekebisha.

Mwagilieni alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Nyanya zisimwagiwe kwa juu, kwa sababu majani yakikaa na unyevu hukaribisha bakajani. Nyanya zipewe maji kwenye shina. Kwa wenye uwanja wa nyasi, vipimo vya mpango ni hivihivi.

Neno la mwisho ni kuhusu jirani. Wazee wa Upare walilijua jambo hili zamani. Chemchemi ikiwa ndogo, maji yake hukusanywa usiku katika ndiva, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Nasi tumefanya vivyo hivyo: tenki letu hujazwa usiku tu, wakati kioski kimefungwa. Hatukuamua peke yetu. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini Tanzania Bara iko chini ya RUWASA, na katika ngazi ya jamii husimamiwa na vyombo vya watoa huduma. Tulipeleka mchoro na hesabu yetu ya lita 960 kwa viongozi wa chombo chetu, wakauliza maswali, wakatupangia saa. Kabla hujaunga bustani kwenye maji ya wote, fanya hivyo pia.

Yule mama sasa hupita asubuhi kununua mchicha, na ndoo yake imejaa. Tunawatakia kiangazi chema.