Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu za Umeme kwa Pikapu ya Dizeli

Mwalimu wa fizikia asiye na maabara asikate tamaa anapofikia somo la mkondo wa umeme. Katika mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma, na katika barabara iendayo Ujiji, pikapu kuukuu za dizeli hubeba dagaa na mizigo mingineyo. Kwa idhini ya mwenye gari na msaada wa fundi, pikapu moja yatosha kwa vipindi viwili.

Lengo la somo

Mwanafunzi ajizoeze kupima kabla ya kubadilisha kifaa. Betri ni ghali, na anayenunua mpya pasipo sababu huenda akawa mzazi wake.

Swali la kuanzia

Taa za gari zinawaka vizuri, lakini stata inatoa mlio mmoja tu, na injini haizunguki. Kosa liko wapi? Wengine watajibu kwamba taa zimethibitisha uzima wa betri, kwa hiyo stata ndiyo mbovu. Mwalimu asiwasahihishe upesi. Ayaandike majibu yote ubaoni.

Kisha awarejeshe kwenye kanuni ya Ohm: volti zinazopotea ni sawa na mkondo mara ukinzani. Tuchukulie kwamba kibano hasi cha betri kimeota kutu na kina ukinzani wa omu 0.02. Taa zikitumia ampea 10, hupotea volti 0.2 tu, upungufu ambao jicho halitautambua. Stata ikidai ampea 200, zingepotea volti 4. Hivyo taa zaweza kuwaka ilhali stata nzima imenyimwa nguvu.

Kipimo

Gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe. Pete na saa za chuma zivuliwe, na moto usikaribie betri, kwani hutoa hidrojeni. Kwanza betri ipimwe gari likiwa limepumzika: iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6. Halafu ncha moja ya voltimita iguse nguzo hasi yenyewe, si kibano, na ya pili iguse chuma kitupu cha injini. Mtu mmoja azungushe stata kwa sekunde chache. Kipimo kikizidi nusu volti, njia ya ethi ina kasoro. Upande chanya nao upimwe vivyo hivyo, kutoka nguzo ya betri hadi skrubu ya stata.

Kibano kikionekana kibovu, waya hasi ufunguliwe kwanza, kutu isafishwe kwa maji ya magadi yasiyoingia ndani ya betri, kisha kipimo kirudiwe. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayomsadikisha mwanafunzi.

Maswali ya kuendeleza somo

Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, tutafute wapi? Dizeli haihitaji cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Basi zichunguzwe plagi za kupasha joto na swichi ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu.

Je, kutu ya kibano imeletwa na ziwa? Maji ya Tanganyika ni baridi, hayana chumvi ya bahari. Ungaunga ule hutokana na asidi ya betri. Hata hapo, mwanafunzi asikubali kisababishi kwa kuwa tu kipo karibu.