Mpigapicha wa harusi: Mkataba kwanza, tabasamu baadaye

HARUSI inapokwisha, mahema hung'olewa, masufuria hurudishwa kwa wenyewe na wageni hushika njia kurejea makwao. Keki huwa imeliwa na maua yamenyauka. Kinachosalia mikononi mwa maharusi, mbali na pete na cheti cha ndoa, ni picha.

Licha ya hayo, si nadra kwa kamati ya harusi kumkumbuka mpigapicha dakika za mwisho, baada ya fedha kuishia kwenye ukumbi, magari na vyakula. Hapo ndipo anapotafutwa yeyote mwenye kamera na bei nafuu.

Hatari ya uamuzi huo ni kwamba kosa la mpigapicha halirekebishiki. Mpishi akizidisha chumvi, wageni watanung'unika kisha wasahau. Lakini bibi arusi akishikwa mkono na nyanya yake mkongwe mlangoni pa kanisa, na mpigapicha awe nje akibadilisha betri, tukio hilo limepita. Nyanya akiaga dunia mwaka unaofuata, hakuna fedha zitakazoweza kuinunua picha hiyo.

Kwa sababu hiyo, ni muhimu wanaopanga harusi wajue namna ya kumchagua mtaalamu huyu, mambo ya kuafikiana naye na haki ambazo sheria za Kenya zinawapa.

Kumchagua

Jambo la kwanza ni kutazama kazi yake, na si zile picha kumi bora alizozichagua mwenyewe kuvutia wateja. Ni vyema kuomba kuonyeshwa picha za harusi moja nzima, kuanzia maandalizi ya asubuhi hadi karamu ya jioni. Hapo ndipo itakapodhihirika iwapo anamudu kupiga picha ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu au chini ya hema usiku, ama umahiri wake ni wa bustanini pekee.

Pili, aulizwe nani hasa atakayefika siku hiyo. Baadhi ya studio huonyesha kazi ya mtu mmoja kisha zikamtuma mwingine. Jina la atakayeshika kamera lafaa kujulikana mapema, pamoja na la atakayechukua nafasi yake iwapo ataugua.

Tatu ni vifaa. Anayeifanya kazi hii kwa dhati haji na kamera moja. Huwa na ya akiba, betri za ziada na kadi kadhaa za kumbukumbu. Zipo kamera zinazohifadhi kila picha katika kadi mbili kwa wakati mmoja, ili moja ikiharibika nyingine isalie. Aidha, aulizwe huzinakili picha wapi afikapo nyumbani usiku. Jibu la kwamba zinakaa kwenye kamera hadi apate nafasi ni dalili mbaya.

Mila na dini

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua aina tano za ndoa nchini: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kila moja ina utaratibu wake, na mpigapicha asiyeuelewa atakosa yaliyo muhimu au atawaudhi wenye shughuli.

Katika ngurario ya Wakikuyu, kwa mfano, kukatwa kwa kiungo cha mbuzi ni kilele cha sherehe, na hufanyika mara moja tu. Vivyo hivyo bwana arusi anapotakiwa kumtambua mchumba wake miongoni mwa wanawake waliojifunika leso. Kwa upande mwingine, wazee wanapojifungia kuzungumzia mahari, huenda wasitake kamera kabisa.

Pwani nako, harusi ya Waislamu huwa na sehemu mbili zinazoweza kwenda sambamba: nikaha inayohudhuriwa na wanaume, na shughuli za wanawake kama vile kupamba. Katika hizi za pili, wanawake huvua mabuibui na kujipamba wakijua hakuna jicho la mwanamume asiyeruhusiwa kuwaona. Kumpeleka mpigapicha wa kiume huko ni kuvunja heshima ya nyumba. Anahitajika mwanamke, na yapasa iafikiwe kwamba hata wa kuzisafisha picha hizo atakuwa mwanamke, na kwamba hazitaonyeshwa mtu mwingine yeyote.

Makanisani pia, baadhi ya viongozi wa ibada hukataza mwako wa kamera au kusogelea madhabahu wakati wa viapo. Inafaa mpigapicha amwone kiongozi huyo kabla ya siku yenyewe badala ya kukemewa mbele ya waumini.

Saa na mwanga

Kenya ikiwa kwenye ikweta, jua la adhuhuri huangaza karibu wima. Huweka vivuli vizito chini ya macho, hulifanya shela jeupe limeremete kupita kiasi na kuufanya uso mweusi upoteze sura yake. Mwanga mwororo hupatikana jioni, na jijini Nairobi jua hutua karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Ibada iliyopangwa kuanza saa nne asubuhi ikichelewa kwa saa tatu, muda unaoliwa kwanza huwa ni wa picha.

Isitoshe, baadhi ya bustani na misitu hutoza ada ya kupiga picha. Yafaa ijulikane nani atailipa. Wanaotaka picha za kutoka angani nao wakumbuke kwamba kanuni za mwaka 2020 zinataka ndege hizo ndogo zisizo na rubani zisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA). Mwenye ndege hiyo aonyeshe stakabadhi zake.

Yaandikwe

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Kabla ya kulipa arubuni, pande zote mbili zinapaswa kutia saini mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Uonyeshe tarehe, mahali na saa za kazi. Gharama yote, arubuni na siku ya kumaliza malipo. Idadi ya picha zitakazosafishwa na ukubwa wa albamu. Na siku ya kukabidhiwa. Ueleze pia itakuwaje harusi ikiahirishwa, mpigapicha asipofika au picha zikipotea.

Kuchelewa kukabidhi ndiko huzua ugomvi mwingi. Neno "baada ya muda mfupi" halimfungi mtu yeyote. Mkataba utaje idadi ya wiki.

Mkataba humlinda mpigapicha vilevile. Jumamosi aliyoitenga kwa harusi moja hawezi kuiuza tena ikivunjwa juzi yake, na saa za ziada ambazo hazikuafikiwa ni jasho la bure.

Picha ni za nani?

Wengi huamini kwamba picha ni mali ya aliyeshika kamera. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema vingine. Kwa kawaida hakimiliki huanza kwa mtunzi wa kazi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, haki hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Kwa picha, haki hiyo hudumu miaka 50.

Maneno hayo ya mwisho, "wamekubaliana vingine", ndiyo ya kuangaliwa. Mikataba mingine ina kifungu kinachomwachia mpigapicha haki zote. Anayetia saini bila kusoma huenda akajikuta akihitaji idhini ya kuchapisha picha ya harusi yake mwenyewe.

Kuna pia suala la faragha, ambayo inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kilabu moja ya burudani faini ya Sh1.85 milioni kwa kusambaza picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kwa hivyo, mpigapicha anayetaka kujitangazia biashara mitandaoni kwa sura za maharusi sharti apate kibali chao, na maharusi wana uhuru wa kumnyima.

Mambo yakiharibika

Aliyelipa bila kupata picha alizoahidiwa hana haja ya kunyamaza kwa kuogopa gharama za wakili. Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mlalamishi anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu iwasilishwe.

Hata hivyo, mahakama huhitaji ushahidi. Mkataba, risiti, jumbe za M-Pesa na maandishi ya simu kati ya pande hizo mbili yafaa kuhifadhiwa hadi albamu ikabidhiwe.

Mwisho, picha zikipatikana, zisiachwe kwenye simu moja au diski moja. Nakala moja iwekwe nyumbani kwa maharusi na nyingine kwa wazazi, na zile za thamani zaidi zichapishwe kwenye karatasi. Simu hupotea na mashine huharibika, ilhali mjukuu anayezaliwa leo atataka kumwona nyanya aliyesimama mlangoni pa kanisa.